Majivu ya Majiko Kumi na Tisa

Jumatatu, 3 Novemba 1975

Bwana Hilari, bwana shamba wetu, amenipa daftari hili niandike mvua imenyesha lini, nimepanda lini, nimepalilia lini. Amechagua watu watano kijijini. Mimi nilisoma misheni mpaka darasa la nne, basi ananiita "Mwalimu Dorotea", na anacheka. Yeye ni Mfipa, na Wafipa hawaishiwi utani. Nimemwambia mvua nitaiandika, lakini kurasa ni nyingi, na mengine yakiingia humo asinilaumu.

Mvua: hakuna. Joto la kukaangia karanga.

Alhamisi, 6 Novemba

Shemeji Anselmo amekuja na lori kutoka Kabungu. Ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, Leodgar. Amekaa, amekunywa togwa, amewaita watoto wangu wawili, Romana na Natalia, akawatazama mikono na shingo kama mtu anayenunua mbuzi. Nikajua lipo jambo.

"Shemeji," akasema, "msimu uliopita hapa mlivuna magunia mangapi?"

"Mawili."

"Na ndugu yangu alikuwa hai, mkilima wawili. Sasa uko peke yako. Nakuachia msimu huu mmoja. Ukivuna cha kuwafikisha watoto mwaka, kaa. Usipovuna, mwezi wa sita nakuja kuwachukua wote watatu. Sitaki kusikia watoto wa Leodgar wanalala njaa."

Nikamwongezea togwa, maana ningejibu vibaya. Najua Kabungu kulivyo. Nitapewa chumba nyuma ya jiko la mke wake, na chumvi nitaomba. Hapa nina nyumba aliyoijenga Leodgar mwaka jana serikali ilipotushusha kutoka mlimani, na yeye mwenyewe tumemzika hapa mwezi wa nne. Nina ekari mbili. Udongo wake ni mweupe, mzuri kwa macho, tunaupakia kuta za nyumba. Lakini mahindi haupendi.

Nimehesabu: magunia manane yatatufikisha mwaka. Manane.

Jumapili, 9 Novemba

Misa. Mvua hakuna. Padre amehubiri juu ya subira, nikaona ananitazama mimi.

Jumamosi, 15 Novemba

Leo nimelia, na si kwa huzuni.

Kule mlimani tulikuwa na desturi. Mwanamke akifiwa na mume, msimu wa kwanza wa kulima peke yake wenzake humletea majivu ya jikoni, kila mmoja kikapu. Ni kumwambia: moto wetu ni moto wako. Na si maneno tu, udongo mwekundu wa kule ulikuwa unayataka majivu. Ukimwaga, mahindi yanapanda mpaka unayatazama kwa kuinua shingo.

Nilidhani desturi hiyo tumeiacha mlimani pamoja na nyumba zetu. Asubuhi nimesikia vigelegele, nikatoka. Bibi Marsela mbele, kikapu kichwani, na miaka yake ile, na nyuma yake wanawake wa kijiji kizima. Majiko kumi na tisa. Wamemwaga shamba zima, wanaimba, wamekuwa weupe kope na nyusi. Kona ya chini tu haikufikiwa, majivu yaliisha.

"Mama Romana," Bibi Marsela akaniambia, "sasa shamba lako limependwa kuliko mashamba yote hapa. Lisipozaa hilo, mimi siamini tena udongo."

Mungu awape wote. Sina cha kuwalipa.

Jumanne, 18 Novemba

Mvua! Kubwa, tangu alasiri. Kijito kimejaa.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimegombana na mtu.

Yupo Msukuma amehamia ng'ambo ya kijito tangu Agosti, anaitwa Manyanda. Ana mke, Ng'washi, na ng'ombe wasiohesabika. Kijito kilipojaa juzi, ng'ombe wake walikuwa upande wetu, wakashindwa kuvuka. Basi akawalaza wapi? Kwenye kona ya chini ya shamba langu. Siku mbili, usiku na mchana! Matuta niliyoyapandisha kwa mkono wangu wamekanyaga mpaka yamekuwa uji, na mavi na mkojo kila mahali.

Nilikwenda na jembe begani. Yeye akavua kofia, akaniita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, samahani. Maji yalinizuia. Ng'ombe hajui mpaka."

"Ng'ombe hajui, na wewe hujui?"

Nimekwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti ameamua Manyanda arudishe matuta yote kabla ya Jumapili. Vizuri. Hawa watu wanakuja na makundi yao utadhani nchi haina wenyewe.

Jumamosi, 22 Novemba

Manyanda na mkewe wamekuja alfajiri. Ng'washi hajui Kiswahili sana, amelima bila kunyanyua mgongo, na mimba yake ya miezi sita. Kufika saa nne kona imekwisha, matuta yamenyooka kuliko yangu. Nimempa maji, amepokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo. Nimeona aibu, lakini hasira nayo ilikuwa bado haijaondoka.

Jumatatu, 1 Desemba

Nimepanda. Bwana Hilari alileta mbolea ya mradi, ile ya chengachenga inayoitwa TSP, akatuonyesha: imwage shamba zima kama unavyolisha kuku, kisha fukia. Nimelisha kuku ekari mbili. Akabakiza nusu mfuko stoo.

Basi, shamba langu lina majivu ya majiko kumi na tisa na mbolea ya serikali. Nikikosa mwaka huu, nitamlaumu nani?

Jumatatu, 8 Desemba

Yameota, karibu yote. Asante Mungu. Mvua nyepesi.

Jumapili, 14 Desemba

Mvua. Natalia ana homa.

Jumatano, 17 Desemba

Homa imeshuka. Ng'washi alisikia, akaleta maziwa kwenye kibuyu, akayaweka mlangoni, akaondoka. Watoto wameyamaliza kabla sijaamua kama nayapokea.

Jumatatu, 22 Desemba

Mahindi si mazuri. Yamefika kimo cha kiganja, yakasimama. Majani ya chini yanaanza kuwa na rangi ya zambarau kwenye kingo. Mwaka jana yalianza hivihivi.

Alhamisi, 25 Desemba, Noeli

Watoto wamekula wali na kuku. Nimeimba kwa nguvu ili nisifikiri mahindi.

Jumatatu, 29 Desemba

Barua kutoka kwa shemeji, kaileta dereva wa lori. "Kama hayaendi vizuri, zidisha majivu. Huku Kabungu tunamwaga majivu na mahindi yanafunika mtu." Anataka nifaulu, nimeliona hilo kwenye barua. Angetaka nishindwe asingehangaika kuandika, mtu mwenyewe kalamu inamtoa jasho. Nimemsema vibaya moyoni bure. Nimekusanya majivu yangu yote ya wiki mbili, nimemwaga.

Ijumaa, 2 Januari 1976

Zambarau imezidi.

Jumanne, 6 Januari

Mvua asubuhi. Leo nimeona kitu, nimekaa chini kwenye matope nikakitazama muda mrefu.

Nilikuwa napalilia kuelekea chini. Mahindi ya juu yananifikia chini ya goti, membamba, zambarau tupu, kama watoto waliopigwa baridi. Nikapita tuta, nikapita tuta, halafu ghafla nikaingia kwenye mahindi yanayonifika kiunoni. Kijani cheusi, shina la kushika kwa kiganja kizima. Nikageuka kuona niko wapi. Niko kwenye kona ya chini, ile waliyolala ng'ombe wa Manyanda. Ile ambayo majivu hayakufika.

Palipopendwa na kijiji kizima panaumwa. Palipotukanwa na kupelekwa kwa mwenyekiti pamestawi.

Nimemtuma Romana kwa Bwana Hilari.

Alhamisi, 8 Januari

Bwana Hilari amekuja na baiskeli, na daftari lake la chuoni limefungwa kwa mpira nyuma. Ametembea shamba lote kimya, na yeye si mtu wa kimya. Amefika kona, amerudi juu, amekwenda kona tena. Kisha akasema, "Mwalimu, una limau?"

Nilidhani ana kiu. Nikampa. Akachukua konzi ya udongo wa juu akaiweka kwenye kisahani, akakamulia limau. Udongo ukachemka! Mapovu madogomadogo, na sauti kama mafuta yanayoanza kushika moto. Natalia akakimbia.

"Hiyo ni chokaa," Bwana Hilari akasema. "Udongo wako umejaa chokaa. Ndiyo maana ni mweupe, ndiyo maana mnapakia kuta. Nilifundishwa hili, nikalisahau, nikaja na maelezo ya udongo mwekundu."

Nikamwambia anieleze polepole, mimi ni darasa la nne. Akaeleza hivi, na naandika nisije nikasahau.

Mahindi yanahitaji chakula fulani kinachoitwa fosfeti, hasa yakiwa machanga. Yakikikosa yanadumaa na kuwa zambarau. Mbolea ile ya chengachenga ni fosfeti. Lakini chokaa ikiikuta fosfeti inaikamata, vinashikana vinakuwa kama jiwe. Fosfeti ipo shambani, ila mzizi hauwezi kuila.

"Kwa hiyo shamba langu lina chakula na mahindi yanakufa njaa?"

"Ndivyo."

"Kama nyumba ya bahili. Ghala limejaa, ufunguo uko kiunoni."

Akacheka, akasema ataniibia maneno hayo. Nikamuuliza, "Na kule mlimani, mbona majivu yalifaa?" Akasema udongo mwekundu nao unakamata fosfeti, ila kule anayekamata ni chuma, ile kutu inayoufanya mwekundu, na chuma hukamata sana udongo ukiwa mchachu. Majivu yanapunguza uchachu, chuma kinaachia. Huku hakuna uchachu wa kupunguza. Majivu ni ndugu wa chokaa. Ukiyamwaga hapa unamwongezea mkamataji askari.

"Majiko kumi na tisa," nikasema.

"Na mimi nikakwambia umwage mbolea kama unalisha kuku, kila punje ikaanguka katikati ya chokaa. Kosa langu ni kubwa kuliko lenu, Mwalimu. Nyie mlikuwa na desturi. Mimi nilikuwa na daftari."

Nimewahi kuona wakubwa wengi wa serikali tangu tushushwe bondeni. Huyu ni wa kwanza kusema "kosa langu" mbele yangu. Nimempa viazi, na ningekuwa na kuku mwingine ningemchinja.

Dawa ni hii: samadi. Samadi ikioza inatoa uchachu wake kidogo kidogo, inakaa kati ya chokaa na fosfeti, inamwachia mzizi nafasi. Iwekwe kwenye shimo pamoja na TSP ile nusu mfuko, punje chache karibu na mbegu, mzizi uiwahi kabla ya chokaa. Baadaye mbolea ya kukuzia, ile SA, pembeni ya shina, nayo ina uchachu. Lakini mahindi haya ya juu yameshachelewa. Yaliyodumaa hayarudi. Ningepaswa kuyang'oa na kupanda upya, mbegu ya Katumani inayowahi kukomaa, na mvua iendelee mpaka Aprili.

"Yote?"

"Angalau ekari moja. Sitakulazimisha. Mvua ikikatika mapema utakosa kote, na hata kidogo ulichokuwa unakipata utakuwa umekiua kwa mkono wako."

Ameondoka. Nimekaa na maneno hayo mpaka sasa.

Ijumaa, 9 Januari

Samadi iko kwa mtu mmoja tu hapa, na mtu huyo nilimpeleka kwa mwenyekiti.

Nimevuka kijito asubuhi. Njiani nimejitungia hotuba, nimeipanga vizuri, na nilipomwona Manyanda amekaa anasuka kamba ya ngozi hotuba yote imetoroka.

"Mayu, mwangaluka," akanisalimia. "Ng'ombe wamefanya nini tena?"

"Hawajafanya kitu. Wamefanya vizuri. Nimekuja kuomba mavi yao."

Akanitazama, akamtazama mkewe, akamwambia kwa Kisukuma, wakaanza kucheka wote wawili. Nikawa nimesimama pale, mjane mzima, nimeomba mavi. Mwisho nikacheka na mimi, nifanye nini? Nikamweleza ile kona. Akaacha kucheka, akasikiliza, akauliza mahindi ya kona yanafika wapi. Nikaonyesha kiunoni.

"Kule kwetu wazee wanajua hilo," akasema. "Zizi likihama, mtu analima pale pale. Hapa nilidhani nyie hamtaki, mnasema inanuka. Chukua mpaka uchoke. Na mkokoteni chukua, na maksai wawili, nitakuja nao mwenyewe."

"Nikulipe nini?"

Akafikiri. "Wewe unajua kuandika. Niandikie barua kwa baba yangu, Maswa. Tangu nimefika hajui kama niko hai."

Nimeandika palepale, juu ya goti. Amesema ng'ombe wamepona ugonjwa wa ndorobo, watatu tu wamekufa. Mke ana mimba. Nyasi ni nyingi. Halafu nikamwuliza, "Na majirani? Niandike nini?" Kalamu ikanizidi uzito.

"Andika: majirani ni wazuri."

Nimeandika. Mwandiko wa mstari huo ni mbaya kuliko yote.

Jumatatu, 12 Januari

Nimeng'oa mahindi ya ekari moja. Mahindi hai.

Nilianza peke yangu asubuhi. Mche wa kwanza ulinishinda, mkono ulikataa. Tangu utoto nimefundishwa mahindi hayang'olewi, hata mche ulioota njiani unaupita pembeni. Nikasema Baba Yetu, nikavuta. Mizizi yake ilikuwa mifupi kama ndevu za mbuzi mdogo. Nikavuta wa pili.

Watu wakaanza kusimama njiani. Mmoja akauliza kama nimefiwa tena. Kisha Bibi Marsela akaja na fimbo yake, akasimama mwisho wa tuta.

"Dorotea! Unafanya nini?"

Hakuniita Mama Romana. Nikamweleza. Nilieleza vibaya, kwa haraka, nikiwa na tope mpaka viwikoni: chokaa, fosfeti, limau. Na nikasema lile ambalo sikuwa nimepanga kulisema: "Bibi, majivu ndiyo yameliua."

Yule bibi alibeba kikapu kichwani mwenyewe.

"Majivu yetu," akasema. "Yamekuua."

"Si mimi, Bibi, ni maha—"

"Tulikupa moto wa nyumba zetu. Wewe umeenda kuomba mavi ya Wasukuma."

Akaondoka, na walioandamana naye wakaondoka. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyebaki kunisaidia kung'oa. Nimeng'oa, nimelia, nimeng'oa. Manyanda alifika saa sita na mkokoteni, akaona hali, akaanza kupakua samadi. Ng'washi, mimba ile, akashika tuta la pili akaanza kuvuta. Leo nimempa maji na nikapiga goti mimi.

Jumatano, 14 Januari

Tumepanda upya. Kila shimo konzi ya samadi, punje chache za TSP, udongo kidogo, mbegu mbili. Ekari moja. Ekari ya pili nimeiacha na zambarau yake. Mgongo umekufa.

Jumapili, 18 Januari

Misa. Benchi la wanawake limejaa, lakini nilipokaa mimi palikuwa na nafasi ya watu wawili kila upande.

Jumatano, 21 Januari

Yameota.

Jumapili, 1 Februari

Mvua nzuri wiki nzima. Katumani ni kijani. Sithubutu kusema neno.

Jumanne, 10 Februari

Hakuna mvua siku ya sita. Bwana Hilari ametia SA pembeni ya mashina pamoja nami, asubuhi, kwenye unyevu wa umande. Anaomba mvua kuliko mimi.

Ijumaa, 13 Februari

Siku ya tisa. Majani yanajikunja mchana.

Jumapili, 15 Februari

Siku ya kumi na moja. Nimekaa barazani nikawaza chumba cha nyuma ya jiko Kabungu. Nimewaza hata nitaweka wapi kitanda. Kisha nimejikaripia. Nimesema asante kwa mambo tisa niliyonayo: watoto wazima, nyumba, kona ya chini yenye maua tayari, Ng'washi, Manyanda, Hilari, kijito kinachotoa maji ya kunywa, macho ya kuandika, na Leodgar aliyenifundisha kuchagua mbegu. Nimetafuta la kumi, nimekosa, nikaenda kupalilia.

Jumatatu, 16 Februari

La kumi limekuja saa nane mchana, na radi. Mvua mpaka jioni. Tulisimama nje wote watatu tukalowa kwa makusudi.

Jumapili, 22 Februari

Ng'washi amejifungua mtoto wa kiume. Nimempelekea uji wa ulezi. Wamemwita Nyanda.

Jumatano, 3 Machi, Jumatano ya Majivu

Padre amenipaka majivu usoni na nikashindwa kujizuia, nikatabasamu. Mungu anisamehe. Nilimwona Bibi Marsela upande wa pili, na yeye ameniona.

Baada ya misa nimefika nyumbani, nikamkuta amekaa barazani kwangu, paji la uso jeusi, na pindo la khanga limefungwa fundo. Hakusalimia.

"Lete hilo limau lako."

Nikaleta. Akafungua fundo, ndani mna udongo. "Huu ni wa shamba langu. Wa juu, nilipomwaga majivu yangu tangu tumehamia." Akakamua mwenyewe. Ulichemka kuliko wangu. Akauinamia karibu, maana macho yake hayaoni vizuri, akatega sikio.

"Unalia," akasema.

"Unalia, Bibi."

"Mwaka jana nilivuna debe nne. Nikasema ni uzee." Akapangusa vidole kwenye khanga. "Dorotea, unajua kilichoniuma? Si majivu. Mimi mzee, sina mume, sina ng'ombe. Kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumpa mtu ni majivu. Ukaniambia ni sumu."

Nimemshika mikono. Nimemwambia kweli yote: kwamba siku ile ya vikapu nilikuwa nimeamua moyoni kwenda Kabungu bila kusubiri, na vigelegele vyao ndivyo vilivyonibakiza. Kwamba udongo ulikataa zawadi, lakini mimi niliila yote. Sijui kama nimesema vizuri hivyo. Tumelia wote, halafu akaniomba nimpeleke shambani.

Amepita kwenye Katumani kwa kupapasa majani, jani kwa jani. "Haya mimi nayaamini," akasema. "Sasa huyo Msukuma, mkokoteni wake anamwazima mtu yeyote?"

Jumapili, 14 Machi

Benchi la kanisani limejaa tena, wamenibana mpaka nimekosa pumzi.

Jumapili, 18 Aprili, Pasaka

Mvua za mwisho. Tumekula mahindi mabichi ya kona ya chini, ya kuchoma, na familia ya Manyanda na Bibi Marsela. Bibi hana meno ya kutosha, Ng'washi alimpukuchulia.

Alhamisi, 13 Mei

Tumevuna kona. Gunia moja na nusu. Katika kona ile tu!

Jumanne, 25 Mei

Tumevuna ekari ya zambarau. Gunia moja halikujaa vizuri. Vibunzi vya kidole.

Jumatano, 2 Juni

Leo tumemaliza kupukuchua Katumani. Wamekuja wanawake kumi na saba wa yale majiko, wawili hawakuja kwa kuwa wana wagonjwa. Sikumwita hata mmoja. Bwana Hilari alisimama na kalamu akihesabu, anakosea anaanza upya, kwa furaha. Ekari moja iliyopandwa upya: magunia saba. Jumla ya shamba lote magunia tisa na debe mbili.

Nilitaka manane.

Jumatano, 16 Juni

Shemeji Anselmo amefika kwa lori kutoka Kabungu, kama alivyoahidi. Alishuka na mikungu miwili ya ndizi kwa ajili ya watoto, na kamba mbili nene begani, za kufungia kitanda na masanduku yangu. Hakuzificha. Nimempenda kwa hilo, hakuja kwa hila.

Nikamwambia, "Shemeji, kabla ya kitanda njoo uone kitu."

Nikamfungulia ghala. Akaingia, akahesabu kwa kugonga gunia moja moja, akahesabu tena kutoka upande wa pili. Alipotoka alikuwa na vumbi usoni na hakulifuta.

"Hili ni la nani?"

"La Leodgar na mimi na watoto."

"Majivu?"

"Hapana, shemeji. Samadi ya ng'ombe." Nikaita, Manyanda akaja na mtoto mkononi, nikawajulisha. Shemeji akamwamkia kwa heshima kama anavyomwamkia mkwe. Walikaa mpaka dereva akapiga honi mara mbili, wanaulizana habari za mashimo, konzi, na kama kule Kabungu kwenye udongo mwekundu samadi nayo inafaa. Manyanda anasema samadi haijawahi kumkataa mtu.

Honi ya tatu. Shemeji akasimama, akaniita pembeni.

"Nilikuwa nimeshakupakia chumba chokaa," akasema. "Mke wangu alikipaka mwenyewe. Usidhani hatukukutaka."

"Najua, shemeji. Mwambie asante, na mwambie nitakuja kukiona, nitalala siku tatu, halafu nitarudi kwangu."

Akatikisa kichwa kukubali. Halafu nimeingia ghalani na Romana, tumetoa gunia moja. Alikataa, nikamwambia mgeni haondoki mikono mitupu kwenye nyumba yenye chakula. Kamba alizoleta kufungia kitanda changu, amefungia gunia la mahindi yangu juu ya lori, mafundo mawili kila upande.

Lori limeondoka. Nimemshukuru Mungu nikiwa nimesimama tu mlangoni, kisha nimerudi ndani kupika.